Tarehe ya Msikiti wa Dimbani

Hii ni tarehe ya msikiti wa Kizimkazi Dimbani, kusini ya Unguja, kama nilivyoipokea kwa wazee wangu wa kuumeni kwa mama na kama nilivyoiona kwa macho yangu. Naiandika hapa Mikocheni, Dar es Salaam, kwa sababu barazani petu, baada ya swala ya Ijumaa, limezuka neno kwamba Kaole, karibu na Bagamoyo, ndiko kwenye msikiti mkongwe kuliko yote. Kaole ni karne ya 13. Kunduchi, jirani zetu hawa, ni baadaye zaidi. Hao basi.

Aliyeamrisha Dimbani ujengwe ni Sheikh Abu Imran Musa bin Hasan bin Muhammad. Wangapi wamejenga katika mwambao huu wakaondoka bila kuacha hata herufi? Yeye aliacha jina lake, la baba yake na la babu yake, pamoja na mwezi na mwaka: Dhulkaada, 500 Hijria, ndiyo 1107 ya Miladi. Jina kama hilo halipitwi kwa haraka, nami sitalipita.

Ukifika, paa lisikudanganye. Nje utaona kuta nyeupe na bati tu, na wako wageni waliopita wakaulizia msikiti uko wapi. Vua viatu, toa salamu, elekea kibla. Hapo kuna mihrabu ya matumbawe yaliyochongwa: tao la vikuba vitatu, zidaka pembeni, na mkanda wa maandishi ya kufi ambao herufi zake zinasukana na kuchanua mwishoni kama mmea. Nilikaa mbele yake hata miguu ikafa ganzi.

Sasa neno linaloniudhi. Wapo wanaoshikilia kwamba kazi hii ililetwa imeshakamilika jahazini kutoka Siraf, Uajemi. Mwandiko unafanana na wa Siraf, sikatai. Lakini jiwe ni la bahari yetu! Tumbawe la aina hii hukatwa likiwa bichi, laini kama muhogo, likachongwa upesi kabla halijakauka na kuwa gumu. Likishakauka, patasi inaruka. Fundi basi alikuwa hapahapa, karibu na maji, popote alipozaliwa.

Na wazee husema mji umepata jina la Kizimkazi kwa mfalme Kizi na mwashi wake Kazi. Maadui walipokuja kwa majahazi, Kizi aliomba dua, na nyuki wakatoka wakawafukuza mpaka baharini. Waliporudi mara ya pili aliomba tena, pango likafunguka, akaingia, likajifunga nyuma yake. Pango hilo wenyeji wanalijua.

Turudi msikitini. Mwaka 1184 Hijria, yaani 1770, ulijengwa upya, na hilo nalo limeandikwa upande wa pili wa mihrabu. Nje wamelala wachamungu, mmoja wa mkono mmoja, mwingine wa mguu mmoja, kwa kauli ya wazee.

Nilimwomba maalimu anisomee kufi. Alipeleka kidole hewani bila kugusa jiwe: Musa, bin Hasan, bin Muhammad. Akarudia mara mbili kwa ajili yangu. Kisha ikaadhiniwa alasiri, tukapanga safu mbele ya jina hilo, watu kumi na kitu, tukaswali.