Msamiati wa kompyuta (Kasongo na Kabambare)

Kiswahili kilichoingia Kasongo, mashariki mwa Kongo, na misafara ya karne ya 19, enzi za mfanyabiashara Tippu Tip, leo hupokea maneno ya kompyuta kupitia Kifaransa, lugha ya shule na ofisi: mashine ni ordinatere, kibodi ni klavie. Wapo wanaotaka anayeanza afundishwe istilahi za Dar es Salaam tu, asije akachanganyikiwa. Hoja ina uzito, maana tovuti na barua pepe ni maneno mazuri. Lakini neno tarakilishi, hata Tanzania kwenyewe, halikulishinda neno kompyuta. Afadhali kuanzia kwenye kazi ya kifaa. Kwa mfano, kipanya husukumwa mezani, mshale ukasogea kwenye skrini. Kifaransa nacho hukiita panya, kwa hiyo mwanafunzi wa Kabambare wazo hilo tayari analo.