Benzi ya Zamani: Kununua Rahisi, Kulea Kazi (Mwongozo wa W124)

Leo naleta mada ambayo najua wengi mnaitamani kimya kimya: kumiliki Benzi ya zamani. Hela ambayo haitoshi kununua Toyota IST nzuri inaweza kukupa Mercedes-Benz W124, gari ambalo enzi zake lilikuwa la mabosi. Watu wanaona bei, wanaona ile nyota mbele, wanalipa. Halafu kilio.

Mimi sio fundi wa cheti. Nilimaliza kidato cha nne 2019, matokeo hayakunibeba, nikawa nashinda gereji. Ninachokijua kuhusu hizi gari nimekijua kwa sababu ya gari moja tu, 300 E ya mjomba wangu.

Mjomba alistaafu 2020. Kwenye kiinua mgongo akatoa milioni 6, akanunua 300 E nyeusi, namba A, ili aikodishe kwenye maharusi. Miezi minne ya kwanza mambo yalikuwa mazuri. Mwezi wa tano, Jumamosi mchana, foleni ya Mandela, bibi harusi yuko ndani, gari ikachemsha. Moshi mweupe kila upande. Bibi harusi alimalizia safari kwa bajaji, na shela lake. Hela ya watu ikarudishwa, na gari ikalala miezi saba. Matengenezo yalifika milioni 2.7, karibu nusu ya bei aliyonunulia. Haya yafuatayo ndiyo mambo ambayo tungeyajua mapema, hela ile isingeondoka.

1. W124 NI GARI GANI?

Ni jina la bodi, sio la injini. Ilitoka mwishoni mwa 1984, na saluni zake ziliendelea kutengenezwa hadi 1995. Kwa ujumla zilitengenezwa zaidi ya milioni 2.5. Ujerumani zilipiga sana kazi ya teksi, hasa za dizeli, kwa hiyo ukisikia ni gari dhaifu, huo ni uongo. Jina la E-Class lilikuja 1993. Ndio maana za mwanzo zimeandikwa 300 E na za mwisho E 220: herufi ilihama kutoka nyuma kwenda mbele.

Ukitaka kujua kweli umeuziwa nini usisome maandishi ya kwenye buti, yale yanabandikwa tu. Angalia namba ya chesisi, imegongwa kwenye ukuta wa chuma nyuma ya injini. Baada ya WDB zinafuata tarakimu sita:

- 124023 ni 230 E (petroli, silinda 4)
- 124026 ni 260 E (petroli, silinda 6)
- 124030 ni 300 E (petroli, silinda 6)
- 124120 ni 200 D (dizeli, silinda 4)
- 124125 ni 250 D (dizeli, silinda 5)
- 124130 ni 300 D (dizeli, silinda 6)

Ziandike kwenye simu yako. Ukienda kununua spea, taja hizo namba. Ukisema "naomba ya Benzi" utapewa chochote.

2. KILICHOIUA YA MJOMBA: MAJI

Hapa naomba msome taratibu, maana ndipo Benzi nyingi zinapofia hapa Dar.

Injini ya 300 E ina bloku ya chuma na hedi ya aluminiamu. Vyuma hivi viwili vinahitaji kulenti (yale maji ya rangi) iliyochanganywa na maji safi, nusu kwa nusu. Kazi ya kulenti sio kuzuia baridi tu. Inazuia kutu na inachelewesha maji kuchemka. Mjomba alikuwa anajaza maji ya kisima, yale yenye chumvi. Hedi ilipofunguliwa, njia za maji zilikuwa zimeliwa kama jino bovu.

Kosa la pili lilikuwa la fundi. Wiki chache kabla ya ile harusi, mshale wa joto ulianza kupanda. Fundi mmoja wa mtaani akamwambia, "Mzee, hii thamostati ni ya nchi za baridi, tuitoe." Akaitoa. Mjomba akamshukuru na hela ya soda akampa.

Sasa sikilizeni. Thamostati ya injini hii ina kazi mbili. Ikifunguka inaruhusu maji kwenda kwenye rejeta, na wakati huohuo inaziba njia ya mkato ambayo maji hupita injini ikiwa ya baridi. Ukiitoa, ile njia ya mkato inabaki wazi siku zote. Sehemu ya maji ya moto inazunguka na kurudi kwenye injini bila kufika kwenye rejeta. Kwa hiyo kwenye foleni umejiongezea joto mwenyewe.

Kosa la tatu ni feni. Feni kubwa ya 300 E inazungushwa na injini kupitia klachi yake. Klachi ikichoka, feni inazunguka kivivu. Ukiwa kwenye mwendo huoni tatizo kwa sababu upepo unasaidia. Ukisimama kwenye taa dakika kumi ndio unaumbuka.

Mshale unatakiwa kukaa kati ya 80 na 100. Ukiona unaisogelea 120, zima AC, simama pembeni, zima injini. Usifungue kifuniko cha maji gari ikiwa ya moto, utaungua uso. Na usiseme "nafika hapo mbele tu". Hapo mbele ndipo hedi inapopinda.

3. KABLA HUJATOA HELA

- Fika bila taarifa, asubuhi, gari ikiwa ya baridi. Muuzaji akiwa ameshaiwasha na kuipasha, jiulize anaficha nini.
- Ikiwaka angalia moshi. Wa bluu kidogo mwanzoni halafu ukaisha, mara nyingi ni sili za valvu, hizo zinatibika. Mweupe mzito usioisha na maji yanapungua, hiyo ni gasketi ya hedi. Kimbia.
- Kama ni ya petroli ya mwaka 1993 hadi 1995, shika nyaya za kwenye injini. Za miaka ile plastiki yake inakatika kama biskuti, halafu gari inakuwa na wazimu: leo inawaka, kesho haitaki. Waya mzima hubadilishwa, na sio bei ya mchezo.
- Oili ya giaboksi ya otomatiki hupimwa injini ikiwa inaunguruma na imeshapata joto, gia ikiwa P. Inatakiwa kuwa nyekundu. Ikiwa nyeusi na inanuka kuungua, achana nayo.
- Ingia chini. Angalia kutu sehemu za kuwekea jeki na chini ya kioo cha nyuma. Rangi mpya inayong'aa sana kwenye gari la miaka 30 ni ya kutiliwa shaka, sio kusifiwa.
- Milango yake hujifunga kwa mabomba membamba ya hewa. Kwenye dizeli, injini nayo huzimwa kwa hewa inayopita kwenye mabomba kama hayo. Ukichomoa ufunguo injini ikaendelea kuunguruma, sio jini, ni bomba linavuja.

4. SPEA, MAFUTA NA KARATASI

Spea za W124 bado zipo. Kwa Dar watu wanaanzia Kariakoo upande wa Gerezani na Ilala. Vitu kama bodi, taa na vioo chukua vya mtumba, hakuna shida. Lakini thamostati, pampu ya maji, hosi, gasketi na breki, nunua vipya. Sisi tulifunga pampu ya maji ya mtumba kuokoa hela, ikadumu wiki tatu.

Mafuta: ya mjomba kwenye foleni inakula lita 1 kwa kilomita 6 au 7. Kumbuka pia kwamba 2017 serikali ilifuta ile ada ya leseni ya barabara ya kila mwaka, ikaihamishia kwenye bei ya mafuta. Maana yake mwenye gari lenye kiu analipa zaidi kila anapojaza.

Karatasi: hakikisha kadi ina jina la anayekuuzia, angalia faini za trafiki kwa namba ya gari, kisha badilisha umiliki TRA. Ukitaka kuagiza nje, ujue gari lililozidi miaka 8 linaongezewa ushuru wa uchakavu.

5. HESABU YA MWISHO

Gari la kifahari likizeeka, bei yake inashuka. Bei ya kulitunza haishuki nayo. Bado ni injini ileile ya bosi, inataka vitu vilevile vya bosi, na wewe sio bosi. Kwa hiyo kama una milioni 6, tafuta ya milioni 4 yenye historia inayoeleweka, na milioni 2 ziweke pembeni kabla hujashika ufunguo. Kama huna za pembeni, chukua IST yako na hakuna atakayekucheka.

Benzi ya mjomba imerudi barabarani. Ina kulenti na thamostati mpya, na fundi ni mwingine. Kila akikodishwa, kabla ya kula anaweka sehemu ya hela kwenye kopo lililoandikwa "la mgonjwa". Juzi nilimuuliza kama anajuta kununua. Akaniambia, "Gari sijutii, mpwa wangu. Najutia yale maji ya kisima."

Wadau wenye W124, W126 au BMW za zamani, tupeni uzoefu wenu hapo chini. Na kama kuna fundi anaona nimekosea, anisahihishe bila matusi. Nawasilisha.