Sampuli Iliyokataa Kulala Kwenye Kioo

Historia ya hadubini ya bapa la mwanga husimuliwa kwa namna mbili. Wapo wanaoianzia mwaka 2004 mjini Heidelberg, Ujerumani, pale Jan Huisken, Ernst Stelzer na wenzao wa Maabara ya Ulaya ya Biolojia ya Molekuli walipoonyesha katika jarida la Science viinitete vya samaki na vya nzi vilivyopigwa picha vikiwa hai. Wapo pia wanaorudi nyuma hadi Jena, nchini humohumo, mwanzoni mwa karne ya 20. Kubishana nani alitangulia hakuna tija. Swali lenye uzito ni hili: ikiwa wazo lilikuwapo tangu 1903, kwa nini wanabiolojia waliliacha karibu karne nzima? Jibu la kawaida ni kwamba teknolojia ilikuwa haijafika. Jibu hilo ni kweli nusu. Nusu ya pili ni kipande cha kioo bapa ambacho kwa vizazi vingi sampuli ililazwa juu yake.

Katika hadubini ya kawaida, mwanga na jicho hufuata mstari mmoja. Mtazamaji anayetaka tabaka moja la ndani hulazimika kuangaza unene wote wa sampuli, na mwanga wa matabaka mengine humchafulia picha. Hadubini ya bapa la mwanga hutenganisha njia hizo mbili: mwanga huingia kutoka ubavuni ukiwa umebanwa kuwa tabaka lenye unene wa mikromita chache, na lenzi ya kutazamia husimama kwa pembe mraba. Kinachoangazwa ni kile kinachotazamwa, basi. Yeyote aliyeona vumbi likimetameta katika mwali wa jua unaopenya tundu la bati anaijua kanuni hiyo.

Kanuni hiyo ndiyo Henry Siedentopf, mwanafizikia wa kampuni ya Zeiss, na mkemia Richard Zsigmondy waliyoigeuza kuwa chombo. Katika utafiti wao wa 1903 walipitisha mwanga mkali kwenye mwanya mwembamba, wakauelekeza ubavuni mwa kioo chekundu chenye chembe za dhahabu, na chembe hizo, ndogo mno kuonekana kwa hadubini za wakati ule, zikajitokeza kama nukta za nuru. Zsigmondy alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Kemia ya mwaka 1925 kwa kazi yake juu ya kolloidi. Mtu anaweza kupinga kwamba chombo hicho si babu wa hadubini ya leo, kwa kuwa kilitegemea mwanga uliotawanywa na chembe, ilhali cha leo hutegemea molekuli zinazopokea mwanga wa rangi moja na kutoa wa rangi nyingine. Pingamizi hilo ni sahihi kwa fizikia ya mwanga. Hata hivyo, mpangilio ni uleule, na wanakemia waliuafiki upesi kwa sababu bonge la kioo au kimiminika chao kingeweza kuangazwa kutoka upande wowote.

Mwanabiolojia wa enzi hiyo hakuwa na uhuru huo. Alikwishazoea kuua tishu kwa kemikali, kuikata vipande vyembamba, kuitia rangi na kuifunika kwa kigae cha kioo. Watengenezaji nao walimfuata: hadi leo lenzi nyingi za maabara husahihishwa kwa kigae chenye unene wa milimita 0.17. Sampuli iliyobanwa hivyo haina ubavu wa kuangazwa. Ndiyo maana waliolifufua wazo hili walikuwa watu ambao sampuli zao hazikukubali kulazwa. Mwaka 1993, Arne Voie na wenzake wa Chuo Kikuu cha Washington, Seattle, walikuwa wakichunguza koklea ya simbilisi, kiungo cha sikio la ndani kilichojisokota ndani ya mfupa. Kukikata ni kukiharibia umbo, kwa hiyo walikifanya kipenyeke kwa mwanga, wakakitia rangi inayong'aa na kukipiga picha kikiwa kizima. Mwaka 2002, watafiti wa bahari wa taasisi ya Scripps huko California walitumia bapa la leza kuona vijidudu ndani ya maji ya bahari. Kisha wakaja wale wa Heidelberg: kiinitete kiliwekwa ndani ya mche wa jeli ya agarosi inayotokana na mwani, kikaning'inizwa katika chumba kidogo cha maji na kuzungushwa ili kitazamwe pande zote.

Mtetezi wa jibu la kawaida atasema kwamba bila leza, kamera za kidijitali na protini inayong'aa kijani, hayo yote yangekuwa ndoto. Ana hoja. Protini hiyo, aliyoitenga Osamu Shimomura kutoka kwa kiwavi-maji na kuitangaza mwaka 1962, ilianza kutumika kama alama ndani ya viumbe wengine baada ya kazi ya Martin Chalfie ya mwaka 1994, na bila alama ya namna hiyo ni vigumu kufuatilia seli hai kwa saa nyingi. Lakini leza ilikuwapo tangu 1960, na Voie hakuihitaji protini hiyo. Zaidi ya hapo, upo mfano wa kulinganisha: hadubini ya konfoka, inayochuja mwanga wa matabaka yasiyolengwa, ambayo Marvin Minsky aliiombea hataza mwaka 1957, nayo ilisubiri leza na kompyuta. Zilipopatikana, ilienea maabarani kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980, ilhali bapa la mwanga lilibaki pembeni. Vifaa vilikuwa vilevile kwa hadubini zote mbili. Tofauti ni kwamba konfoka ilikubali slaidi ya zamani.

Pingamizi jingine ni kwamba konfoka ilitosha. Ilitosha kwa tishu iliyokufa. Kwa kiumbe hai, kila tabaka linalopigwa picha hugharimu mwanga kwa unene wote, na mwanga mwingi hudhuru seli. Faida ya kuangaza tabaka moja tu ilidhihirika mwaka 2008, Philipp Keller na wenzake walipofuatilia viini vya seli za kiinitete cha samaki pundamilia kwa saa 24 za mwanzo za ukuaji wake. Mwaka 2013, katika kituo cha Janelia, Marekani, Keller na Misha Ahrens walirekodi shughuli za zaidi ya asilimia 80 ya niuroni za ubongo wa buu la samaki huyo.

Ni kweli pia kwamba wahandisi wamelirudia bapa la kioo. Mwaka 2008, Chris Dunsby wa Imperial College London alieleza namna ya kutumia lenzi moja kwa kuangaza na kutazama kwa mshazari, na hivyo slaidi na sahani za kawaida zikawezekana tena. Hilo halivunji hoja, linaithibitisha. Ilibidi macho yote ya hadubini yasukwe upya ili tabia ya maabara isibadilike.

Leo mpangilio wa msingi si siri. Mradi wa OpenSPIM, uliochapishwa mwaka 2013 na kikundi cha Pavel Tomancak huko Dresden, uliweka wazi ramani na programu ili maabara zijiundie chombo zenyewe. Lenzi ya silinda hubana leza, na mjenzi huhakikisha bapa linaangukia penye fokasi ya lenzi ya kutazamia. Hapo huchagua: bapa jembamba zaidi hupanuka mapema na kufaa eneo dogo tu. Kazi hiyo hufundishika. Kinachobaki kigumu ni sampuli: agarosi ngumu hubana kiinitete kinachokua, laini mno hukiacha kiteleze, na chochote kisichopenyeka huacha michirizi ya kivuli pichani. Kwa hiyo maabara inayofikiria kununua au kujenga hadubini hii isianze na bei ya leza wala ya kamera. Ianze na kiumbe anayechunguzwa: atashikwaje, akiwa hai, kwa saa ngapi, na kutoka upande gani mwanga utamfikia. Swali hilo ndilo lililochelewesha chombo hiki, na wasiolijibu mapema hugharimiwa nalo baadaye.