Kocha wa Sauti na Kocha wa Mikono

Mwaka 1924 jiji la Paris lilipokea mashindano mawili makubwa. Julai walishindana waogeleaji wa Olimpiki. Agosti wakafuata wanamichezo viziwi kutoka mataifa tisa, walioitwa na Eugène Rubens-Alcais, Mfaransa aliyekuwa kiziwi mwenyewe. Mashindano hayo ya pili ndiyo leo yanaitwa Deaflympics, na kuogelea kumo tangu siku hiyo. Ukiwatazama makocha wa viziwi tangu wakati huo, utaona mila mbili, na mimi nina upande wangu.

Mila ya kwanza ni ya sauti. Kocha hupuliza filimbi na kupaza sauti. Kiziwi akija, huambiwa asome midomo. Mizizi yake ni mkutano wa walimu wa Milan wa 1880, ulioamua kwamba mtoto kiziwi afundishwe kwa matamshi, alama ziwekwe kando. Bwawani mila hii huchoka upesi. Vifaa vingi vya kusaidia kusikia huvuliwa kabla ya kuingia majini, na kwenye Deaflympics vimekatazwa kwa kila mshindani. Miwani hushika ukungu. Mapumziko kati ya raundi ni sekunde chache, na mkalimani akimaliza kufasiri, mwogeleaji amekwishajisukuma ukutani. Kwa kweli, kichwa kikiwa chini ya maji hata mwenye masikio mazima hamsikii kocha wake.

Mila ya pili ni ya mikono na macho. Mfano ninaouheshimu sana ni wa Afrika Kusini. Terence Parkin, kiziwi tangu kuzaliwa, aliwasiliana na kocha wake Graham Hill kwa lugha ya alama. Sydney 2000 aliondoka jukwaani kwa kufuata mwanga wa taa, akatwaa fedha ya mita 200 kwa mtindo wa chura, tena kwenye Olimpiki ya wote. Kuitikia taa nako hufundishwa: mwili uliozoea kuchungulia jirani kwanza utachelewa kila mara. Hill huyohuyo ndiye aliyemnoa Chad le Clos, aliyemshinda Michael Phelps London 2012. Kwa hiyo asiseme mtu kwamba kumfundisha kiziwi kwa alama ni kazi ya huruma, au ya kocha wa daraja la chini.

Mfano wa Marekani ni mgumu zaidi. Gertrude Ederle, aliyepata medali Paris 1924 na kuvuka Mlango wa Uingereza 1926, usikivu wake uliharibiwa na surua utotoni. Baadaye alifundisha watoto viziwi kuogelea katika shule ya Lexington, New York, ambayo yenyewe ilijengwa juu ya mila ya matamshi. Hill anasikia, akachagua mikono. Ederle hakusikia, akafundisha ndani ya nyumba ya sauti. Basi sikio la kocha si kipimo. Hata hivyo, watoto wa Lexington walipata kitu ambacho Hill asingeweza kumpa Parkin: bingwa asiyesikia, amesimama mbele yao kama mwalimu.

Vyama vinavyounda timu za taifa za viziwi, za Afrika Mashariki zikiwamo, vimpime kocha kwa lugha ya alama kabla ya kuuliza cheti chake. Na mwogeleaji kiziwi anapostaafu, apewe mafunzo, alipwe, awe kocha mkuu.