Mshumaa wa Al-Qarafi na Fuwele ya Saa: Wapenzi wa Wakati, Zamani na Sasa

Sifa zote njema ni za Allah (S.W.), Mola Mlezi wa walimwengu. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), Ahli zake na Sahaba zake wote. Ama baada ya hayo.

Kuingia kwa wakati ni sharti la kusihi swala. Aliyeswali kabla ya wakati, kisha akapata yakini kwamba alitangulia, swala yake haikutimiza faradhi. Hata hivyo, wengi wetu leo hatutazami tena kivuli wala upeo wa mashariki. Tunatazama saa. Basi ni haki ya msomaji kujua: saa hii tunayoiamini inahesabuje, na imani yetu kwake iishie wapi? Katika makala hii tutawaangalia watu ambao kwao kuhesabu wakati ni mapenzi kabla ya kuwa kazi, na tutaanza na faqihi.

Faqihi aliyeunda saa

Imam Shihabuddin Al-Qarafi, mwanachuoni mkubwa wa madhehebu ya Maliki aliyefariki Misri mwaka 684 Hijria (1285), anajulikana kwa vitabu vyake vya fiqhi na usuli. Wachache wanajua kwamba mikono yake ilikuwa na ufundi. Alisikia habari za kinara cha mshumaa alichotengenezewa mfalme Al-Kamil, ambacho kila saa ikipita mlango mdogo hufunguka na sanamu hutokea. Al-Qarafi akaunda cha kwake na kukizidishia mambo: mshumaa unaobadilika rangi kila saa, simba ambaye macho yake hugeuka rangi, na alfajiri ikiingia, umbo la mtu hupanda juu likiwa limetia kidole sikioni kama mwadhini. Kisha akaeleza kwa uwazi kwamba hakuweza kulifanya umbo hilo liseme.

Hakuwa ameajiriwa kutengeneza saa. Alifanya hivyo kwa kupenda, na akaandika alipofika na alipokwama. Tabia hiyo ndiyo tutakayoikuta tena kwa wapenzi wa saa wa zama zetu.

Katika karne hiyo hiyo, Misri ilianza kuwa na cheo cha muwaqqit, mtaalamu wa nyakati anayelipwa na msikiti. Aliye mashuhuri zaidi kati yao ni Ibn Al-Shatir, muwaqqit mkuu wa Msikiti wa Bani Umayya mjini Damascus, ambaye mwaka 773 Hijria (1371) aliuwekea mnara wake saa kubwa ya kivuli iliyochorwa juu ya jiwe la marmari. Mjini humo humo, katika karne hiyo, Al-Khalili alipanga majedwali ya nyakati kwa hesabu ndefu za mkono. Saa ya kivuli ina sifa moja ambayo hakuna saa nyingine iliyo nayo: inasomwa kutoka kwenye jua lenyewe. Nayo ina upungufu: usiku na wingu huizima.

Jiwe linalotetema

Mwaka 1880, ndugu wawili wa Ufaransa, Jacques na Pierre Curie, waligundua kwamba baadhi ya fuwele, kwatsi ikiwemo, zikibanwa hutoa umeme. Kinyume chake pia ni kweli: kwatsi ikipitishiwa umeme hujikunja, na ikikatwa vizuri hutetema kwa kasi isiyobadilika kirahisi. Mwaka 1921, Mmarekani Walter Cady aliitumia fuwele hiyo kutuliza mitetemo ya umeme, na ndivyo ilivyopatikana osileta ya fuwele. Mwaka 1927, Warren Marrison na J. W. Horton wa maabara za Bell wakatengeneza saa ya kwanza ya kwatsi. Saa ya mkononi ya namna hiyo iliuzwa kwa mara ya kwanza Japani mnamo Desemba 1969, nayo ni Seiko Astron.

Ndani ya saa nyingi za leo mna kipande cha kwatsi chenye umbo la uma wenye meno mawili. Hutetema mara 32,768 kwa sekunde. Idadi hiyo imechaguliwa kwa sababu ukiigawa kwa mbili mara 15 unapata moja kamili, na hiyo moja ndiyo sekunde inayosogeza mshale.

Watu wa ridhaa

Walioipokea fuwele mapema ni warusha redio wa ridhaa, hasa Marekani. Katika miaka ya 1920 na 1930 walisaga vipande vya kwatsi kwa mikono yao, juu ya kioo chenye unga wa kusagia, wakipima kila baada ya msuguano mchache. Ukisaga kidogo mno, mtambo hauko mahali pake katika redio. Ukizidisha, jiwe haliongezeki tena.

Vita Kuu ya Pili ilipokuja, majeshi ya Marekani yalihitaji fuwele kwa mamilioni, na ujuzi huo wa vibarazani ukawa chanzo cha viwanda vingi vidogo. Mawe yaliletwa kutoka Brazil. Kisha likatokea tatizo: fuwele zilizopimwa sawasawa kiwandani zilihama na hata kufa zikiwa ghalani. Uchunguzi ulionyesha kwamba kusaga kuliacha juu ya jiwe tabaka lililopasukapasuka, ambalo liliharibika polepole. Dawa ikawa kulila tabaka hilo kwa tindikali. Baada ya vita, fuwele zilizobaki ziliuzwa kwa bei ndogo, na warusha redio wa ridhaa wakazinunua.

Wapenzi wa leo wamerithi tabia hiyo. Hununua vifaa vilivyoondolewa kwenye mitambo ya simu, wakavifufua mezani. Adui zao wakubwa ni wawili: joto na umri. Saa yenye fuwele ya umbo la uma hurekebishwa kwa joto la takriban nyuzi 25 za Selsiasi. Ikikaa katika nyuzi 35, itachelewa karibu theluthi ya sekunde kwa siku, na kama joto hilo halishuki, karibu dakika mbili kwa mwaka. Kwa hiyo huifungia fuwele bora ndani ya tanuri dogo lenye joto lisilobadilika. Lakini hata humo fuwele huzeeka na kuhama. Basi huifunga kwa setilaiti za GPS, ambazo hubeba saa za atomu: kipokezi hutoa mdundo mmoja kila sekunde, na fuwele hurekebishwa polepole kuufuata. Fuwele ni mwaminifu kwa muda mfupi, setilaiti kwa muda mrefu, na kila mmoja humsahihisha mwenziwe.

Mwaka 2005, mpenzi mmoja wa Marekani alipakia saa tatu za atomu katika gari la familia, akapanda nazo na watoto wake Mlima Rainier, wakakaa huko takriban siku mbili. Waliporudi, saa zile zilikuwa zimezitangulia zilizobaki nyumbani kwa zaidi ya sehemu 20 za bilioni ya sekunde, kama nadharia ya Einstein inavyotabiri.

Usahihi wa saa na usahihi wa wakati

Hapa ndipo panapomhusu imamu. Je, msikiti wenye saa kama hiyo umepata wakati wa swala kwa yakini? Hapana. Umepata hesabu nzuri ya sekunde, na hilo ni jambo jingine.

Al-Qarafi, yule yule wa mshumaa, ametupa ufunguo katika kitabu chake Al-Furuq. Alitofautisha mwezi mwandamo na nyakati za swala. Katika mwezi, sababu ya kisheria ni kuonekana. Katika swala, sababu ni tukio lenyewe, kama kupinduka kwa jua, hivyo kila njia inayoleta ujuzi wa tukio hilo inafaa, hesabu ikiwemo. Imam Nawawi naye (aliyefariki 676 Hijria) amebainisha kwamba asiyeujua wakati hujitahidi, hata kwa kupimia uradi wake aliouzoea. Saa ni katika njia hizo. Ni wasila, wala si sababu.

Na tukio hufuata mahali. Jua hupita nyuzi moja ya longitudo kwa dakika nne. Dar es Salaam na Ujiji zinatumia saa moja ya serikali, lakini jua hupinduka Ujiji karibu dakika 40 baadaye. Mwenye saa ya atomu na jedwali la Dar es Salaam, akiswali nalo Adhuhuri Ujiji, ataswali kabla ya wakati bila ya kukosea hata sekunde moja. Magharibi nayo: duara la jua huchukua takriban dakika mbili kuzama, hewa hupinda miale yake, na aliye ghorofani huliona baada ya aliye chini kulikosa. Basi kugombana kwa sekunde 30 baina ya misikiti miwili ni kudai kutoka kwenye jedwali kitu ambacho jedwali halina. Dakika chache za ihtiyati zinazowekwa na wapanga majedwali zina maana yake, na haifai kuzifuta kwa kujivunia simu.

Hata dunia haiendi sawasawa. Tangu 1972 hadi mwisho wa 2016, sekunde 27 ziliongezwa kwenye saa za ulimwengu ili zisiachane na mzunguko wake. Saa ndiyo iliyoingojea dunia.

Tunalojifunza kwa wapenzi hawa ni adabu ya kupima. Hawasemi saa ni sahihi, bali husema inakosea kiasi gani, tangu lini, na imelinganishwa na nini, kisha wanaandika daftarini. Msikiti unaweza kufanya hivyo bila gharama: mtu mmoja mwaminifu, daftari, kulinganisha saa ya ukutani kila Ijumaa na alama za saa za redioni, na mara kwa mara kusimamisha kijiti uani na kutazama kivuli kinapoanza kurefuka. Mwadhini ni mwaminiwa juu ya swala na futari za watu, na amana haitimizwi kwa kununua saa tu.

Na Allah ni Mjuzi zaidi.