Kiondo cha Mama Zetu

Sisi tuliosoma hupenda kudhani ya kuwa maarifa yote yamo vitabuni. Basi na tukitazame kiondo, mfuko ambao akina mama wa Kikuyu na wa Kikamba hubebea viazi na maharagwe.

Hapo kale uzi wake ulitoka porini. Wakamba walitumia magome ya mbuyu, na Wakikuyu magome ya vichaka. Mama aliyasokota juu ya paja hata yakawa kamba nyembamba. Msusi huanza kitakoni, kisha hupandisha kiondo kwa kuzungusha nyuzi mbili zipishanazo, kwa vidole vitupu. Ususi huo ndio ufanyao matuta madogo tuyaonayo, nao ndio ukipao kiondo nguvu.

Mwaka wa 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida. Ikasalimika 62 tu, ikapandwa karibu na Pangani. Kwa miche hiyo michache mashamba yakaenea, na baadaye mkonge ukafika Kenya. Akina mama wakaupokea uzi mgeni, lakini ususi wakaushika ule ule.

Kenya ilipokataza mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa, mwaka wa 2017, wengi waliuliza watabebea nini. Jibu lilikuwamo nyumbani tangu zamani. Lakini binti asipoketi karibu na mamaye kujifunza, jibu hilo litapotea, maana limo mikononi. Tusilidharau.