Burton: jina moja, watu wengi

Burton ni jina la ukoo la Kiingereza. Kwanza lilikuwa jina la mahali: katika Kiingereza cha kale lilimaanisha kijiji chenye boma, na vijiji vingi vya Uingereza vinaitwa hivyo hadi leo. Kwa hiyo wenye jina hili si lazima wawe ndugu. Kwetu Kongo akina Burton wawili huchanganywa. Nimesahihisha kazi za wanafunzi wa teolojia ambamo msafiri alipewa matendo ya mmisionari.

Msafiri ni Richard Francis Burton (1821–1890), askari aliyejua lugha nyingi, mtafsiri wa Alfu Lela Ulela. Alifika Ujiji Februari 1858 pamoja na John Hanning Speke, yeye akiwa hawezi kutembea vizuri, mwenzake akiwa karibu kipofu. Mwezi wa Aprili wakaenda kwa mitumbwi hadi Uvira. Burton alitumaini kwamba mto Rusizi unatoka ziwani, na kwamba huenda ndio mwanzo wa Nile. Wana wa chifu wa huko wakamwambia wazi kwamba mto unaingia. Mvuvi yeyote wa Uvira angemjibu vilevile. Lakini wapiga makasia walikataa kuendelea, naye hakuuona mlango wa mto kwa macho yake. Wazungu wakabishana hadi 1871, Livingstone na Stanley walipofika pale wakakuta maji yanaingia kweli. Burton huyu hakuja kuhubiri.

Aliyekuja kuhubiri ni William F. P. Burton (1886–1971), fundi mhandisi. Mwaka 1915 alifika Mwanza ya Katanga (si ile ya Tanzania) pamoja na James Salter, na kazi yao kati ya Waluba ikazaa Congo Evangelistic Mission. Makanisa mengi ya Kipentekoste ya Katanga yana mizizi yao hapo. Alipinga hirizi na uganga. Hata hivyo alichora, alipiga picha, aliandika mithali za Kiluba na kukusanya vitu vya sanaa, ambavyo baadhi viko katika jumba la makumbusho la Tervuren, Ubelgiji. Hilo tulitafakari sisi wachungaji: mtu aliyehubiri dhidi ya dini ya wazee ndiye aliyetuachia kitabu kinene juu yake, kilichotoka 1961. Wengine wetu tulichoma tu, bila kuuliza kitu kile kiliitwaje. Aliondoka Kongo wakati wa machafuko ya 1960, akafia Afrika Kusini.

Mji wa Burton upon Trent, katikati ya Uingereza, ulianza na nyumba ya watawa mwanzoni mwa karne ya 11. Leo unajulikana kwa pombe, kwa sababu maji ya visima vyake yana madini yanayofaa kuitengeneza.

Katika sinema wako Tim Burton, mtengenezaji wa filamu, na LeVar Burton, aliyeigiza Kunta Kinte mwaka 1977. Richard Burton mwigizaji (1925–1984) alizaliwa Wales akiitwa Jenkins. Burton lilikuwa jina la mwalimu wake aliyemlea.